Meno ya Juu

OPERETA: Same, ongeeni. Tanga yuko kwenye laini. Dakika tatu.

ELIWAZA: Haloo? Nani huyo humu ndani?

ANAELI: Haloo! Haloo! Anaeli hapa. Naongea na nani?

ELIWAZA: Mama yako.

ANAELI: Mama? Mama wa Myamba? Shikamoo, mama!

ELIWAZA: Marahaba. Sauti yako kama ya mtu aliyetumbukia shimoni.

ANAELI: Ni waya hizo. Sogeza mdomo karibu na— kwani uko wapi?

ELIWAZA: Same, posta. Karani Isihaka ndiye kanishikia hiki chombo.

ANAELI: Umeteremka lini? Fomeni kaja kuniita karakanani, nikajua ni msiba. Nani kafa, mama?

ELIWAZA: Hajafa mtu.

ANAELI: Bwana asifiwe.

ELIWAZA: Ulidhani nani?

(kimya)

ELIWAZA: Anaeli?

ANAELI: Nipo. Laini inakoroma. Zipora hajambo? Na... na mtoto?

ELIWAZA: Mkeo yuko hospitali, amekaa ukingoni mwa kitanda tangu jana mchana. Kitandani yupo Gideoni. Degedege. Lilimshika njiani, macho yakageuka yote meupe. Zipora akapiga kelele hata nyani wakanyamaza.

ANAELI: Njiani? Njia ipi? Mlikuwa mnakwenda wapi na mtoto mgonjwa?

ELIWAZA: Hilo nitakuambia. Subiri. Hapo ulipo kuna mtoto?

ANAELI: Mtoto gani? Hii ni ofisi ya reli.

ELIWAZA: Namsikia analia.

ANAELI: Ni waya, mama. Hulia hivyo upepo ukivuma.

ELIWAZA: Haya. Ni waya.

ANAELI: Mama, hujalala wewe. Daktari anasemaje?

ELIWAZA: Alisema damu imekwisha mwilini, malaria imeinywa yote. Akataka mtu wa kutoa. Nikanyoosha mkono wangu, dresa akapima, ikakataa. Ya Zipora ikakataa. Unajua iliyokubali ni ya nani? Dorkasi.

ANAELI: Dorkasi yupi? Yule aliyehama benchi kanisani asikae karibu na—

ELIWAZA: Huyo huyo. Siku meno ya mtoto yalipoonekana, mawili, ya juu kabla ya chini, yeye ndiye wa kwanza kusema "kigego", mtoto wa mkosi. Alisema mpaka kisimani. Jana akajilaza kando yake, akafumba macho, damu yake ikatoka ikaingia kwa Gideoni. Midomo yake haikuacha kuomba hata mara moja.

ANAELI: Alifikaje Same, Dorkasi?

ELIWAZA: Tulikuja naye. Walikuja kumi na mmoja, akina mama wa kanisa. Nilimgongea mlango giza halijatoka, nikamwambia, "Dorkasi, wanakuja kumchukua." Hakuniuliza akina nani. Alifunga kanga, akapita nyumba kwa nyumba. Tukashuka mpaka Kihurio, Zipora na mtoto katikati, wao wametuzunguka kama boma. Pale tukapata lori la mpunga la Chande.

ANAELI: Mama, unasema wanakuja kumchukua. Nani anakuja?

ELIWAZA: Unaniuliza mimi?

OPERETA: Dakika tatu, Same. Mnaongeza?

ELIWAZA: Anasemaje huyu? — Isihaka anaitikia kwa kichwa. Ndiyo, tunaongeza.

OPERETA: Tatu nyingine. Za mwisho, laini inangojewa.

ELIWAZA: Baba yako mdogo Sefania alikuja juzi usiku na wazee wawili. Akaketi jikoni kwangu, akasema kwa upole kabisa. "Shemeji, mtoto huyu anaimaliza nyumba. Alipozaliwa, mama yake alimwaga damu nusura afe. Mwezi wa nne, kichomi, mkamtembeza hospitali wiki tatu. Sasa homa hii. Anayefuata ni Zipora." Halafu akatoa barua.

ANAELI: Mama—

ELIWAZA: Akanipa niisome. Alijua najua kusoma. Nilijifunza darasa la ubatizo, nimeshakuwa mama mzima, ili nisome Zaburi kwa macho yangu mwenyewe. Hayo macho ndiyo yaliyousoma mwandiko wako.

ANAELI: Sikuandika auawe! Mama, wallahi— Mungu ananiona, sikuandika hivyo!

ELIWAZA: Hapana. Wewe ni mtu wa shule. Uliandika, "Baba mdogo, fanyeni kama wazee mtakavyoona."

ANAELI: Aliniandikia mara tatu. Kila barua Zipora anakufa. Nilikuwa naota nimemzika. Naamka nimeloa. Huku sina wa kumwambia, mama, niko peke yangu na hizo barua... Nilisema labda watafanya dawa tu, watamtambikia—

ELIWAZA: Ulijua.

ANAELI: Serikali ilishakataza mambo hayo. Mtu ananyongwa siku hizi.

ELIWAZA: Ulijua, Anaeli.

ANAELI: ...Nilijua.

ELIWAZA: Nikawaambia, "Sawa, wazee wangu. Ngojeni nimwogeshe kwanza, asiende mchafu." Wakaridhika. Mimi ni mzee, walidhani nawaelewa. Nikatokea mlango wa nyuma na Zipora. Njia ile inapita chini ya lile jiwe, unalijua.

ANAELI: Nalijua.

ELIWAZA: Walipokuwa wakiwapeleka wenye meno ya juu. Wanamlaza juu pale, anajigeuza mwenyewe, anaanguka. Nimekaa miaka yote Myamba, kwenda gulio nazunguka kule mbali, hata mvua inyeshe. Jana sikuwa na njia nyingine. Nikapita. Nikamsikia.

ANAELI: Ulimsikia nani?

ELIWAZA: Kaka yako.

ANAELI: Sina kaka mimi. Mimi ndiye wa kwanza.

ELIWAZA: Wewe ni wa pili.

(waya unavuma)

ANAELI: Mama...

ELIWAZA: Wakati wa Mjerumani, kabla ya vita. Sijabatizwa, wala baba yako. Mtoto wa kiume, mnene, anacheka na kila mtu. Alicheka ndipo mama mkwe akayaona meno. Walikuja asubuhi. Nilimshikilia, wakanifungua vidole, kimoja kimoja. Baba yako alikuwa nje anapasua kuni. Nilimwita kwa jina lake. Shoka likanyamaza kidogo. Halafu likaendelea.

ANAELI: Baba? Mzee wa kanisa?

ELIWAZA: Huyo huyo. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, kama wewe. Tukabatizwa pamoja, tukafunga ndoa ya kanisa, ukazaliwa wewe. Na hatukulitaja. Kila alipopasua kuni mimi nilitoka nyumbani, na yeye aliniona nikitoka, hakuuliza nakwenda wapi.

ANAELI: Zipora anajua? Ile barua?

ELIWAZA: Hajui. Aliwaona wazee tu, anadhani ni mambo ya Sefania. Barua ninayo mimi, kifuani.

ANAELI: Ichome, mama. Nakuomba. Ichome hapo hapo.

ELIWAZA: Nitaichoma. Sitaki mwanamke mwingine ausome mwandiko ule. Lakini utamwambia wewe kwa mdomo wako.

ANAELI: Ataniacha.

ELIWAZA: Huenda.

ANAELI: Mtoto akipona hana haja ya kujua! Nitakuja, nitawahamishia Tanga, Sefania hatamwona tena. Kwa nini nimtie kidonda?

ELIWAZA: Kwa sababu atajua. Mwanamke hujua. Atakuwa anakupakulia chakula na anajua, na wewe unakula.

ANAELI: Kafumbua macho? Gideoni?

ELIWAZA: Leo saa nne. Alimtazama Dorkasi, akamshika pua. Dorkasi akalia mpaka dresa akamtoa nje. Saa sita akanyonya. Daktari anasema hajavuka bado, mpaka kesho kutwa. Lakini joto limeshuka. Wale wenzangu wako chini ya ukuta wa hospitali, wanapokezana, wawili wanaomba, wengine wanapika uji. Wanamlinda Zipora kwa zamu, maana Sefania katuma mtu hadi hapa Same.

ANAELI: Naomba ruhusa leo hii. Nitapanda treni ya kesho.

ELIWAZA: Fomeni akikataa?

ANAELI: Akikataa naacha kazi.

OPERETA: Same, dakika moja.

ANAELI: Mama, nikuulize. Baba... ulimsamehe?

ELIWAZA: Nilimpikia. Nilimfulia. Alipougua nilimgeuza kitandani miezi saba. Nimemzika kwa mikono yangu.

ANAELI: Sikuuliza hayo.

ELIWAZA: Najua ulichouliza.

OPERETA: Muda umekwisha, nakata.

ANAELI: Ngoja kidogo, bwana, tafadhali— Mama! Ulimsamehe?

ELIWAZA: Hakuniomba, mwanangu. Miaka yote ile nilikuwa na neno la kumsamehe tayari mdomoni, nangoja aombe. Hakuomba. Wewe njoo—

ANAELI: Mama? Haloo? Mama!

OPERETA: Tanga, Same hayupo tena. Weka simu.