Keki ya Mchele Iliyorudi Kikapuni

Kwenye basi la jiji la Daegu, bibi mmoja alimwekea binti asiyemjua keki ya mchele mapajani bila kumuuliza, kama wafanyavyo bibi zetu. "Kula, mjukuu wangu."

"Asante, bibi, siwezi. Siku hizi ni tofu ya soya na supu ya maharage yaliyochipua tu. Bei rahisi, na nashiba."

"Mtakufa njaa kwa ajili ya wanaume!" Hukumu hiyo hata dereva aliisikia.

"Ni kwa ajili ya baba, bibi. Nataka kumpa kipande cha ini, ila langu lina mafuta. Daktari kasema nipungue kwanza."

"Mwenyewe anajua?"

"Anadhani natafuta mchumba. Ananicheka."

Basi liliposimama hospitalini, bibi aliichukua keki yake, akairudisha kikapuni. Tangu nizaliwe sijaona bibi wa hapa akirudisha chakula alichokwisha kutoa.