Damu ya Fundi Cherehani

Wajukuu, kitendawili: nimempa mwanangu kitu nisichojua kama ninacho. Jibu nililisikia ndani ya basi la hospitali.

“Misuli ya mwanangu wa kiume inalegea,” fundi cherehani alimwambia mzee aliyeketi naye. “Watafiti wanataka damu yangu, wajue kama ugonjwa umetoka kwangu.”

“Wape, mama. Mimi walinikata saratani ya ngozi unyayoni, kipande wanakichunguza mpaka leo. Na natembea.”

“Wewe ulitoa unyayo, mzee wangu. Mimi mawifi wanasubiri majibu wanifukuze.”

“Una mtoto wa kike?”

“Mmoja.”

“Naye siku akizaa je, bila kujua kama anaubeba?”

Fundi akakunja mkono wa gauni, akaushusha. Nilijifanya nasinzia, umbea nao una adabu zake.

Basi likasimama langoni mwa hospitali. Mzee akashuka akichechemea. Fundi alikuwa bado ameketi, anaukunja tena mkono wa gauni.