Beleshi na Lundo la Nyuma ya Bwalo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza, maana habari ya leo ni ya moto. Tunamkumbuka mwanamke ambaye chuo kizima kilimwita Beleshi. Alitutoka wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa msimamizi wa mazingira wa chuo. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Na kati ya hayo mawili kuna mchana mmoja ambao hadi leo ukinijia nasisimkwa mwili.

Tuanze na jina. Mwaka wake wa kwanza alijiunga na klabu ya mazingira, ile ambayo wengi huingia kwa ajili ya fulana na picha. Yeye akauliza, "Kazi iko wapi?" Wakampeleka nyuma ya bwalo la chakula, wakamwonyesha ndoo za maganda, wali uliochacha na majani ya chai. Klabu ilitaka kuvigeuza vyote hivyo kuwa mboji ya bustani za chuo, ila wa kuvishika hakuwepo. Kesho yake Beleshi aliingia darasani na beleshi begani. Mhadhiri akamuuliza kama anakwenda kuchimba kaburi. "Hapana mwalimu," akasema, "nimetoka kulisha lundo." Basi jina likamganda.

Sasa wapendwa, lundo la mboji lina tabia yake. Likiwa linaoza, linapata joto. Kwa hiyo klabu ilichomeka nondo katikati, kile chuma cha ujenzi. Unaichomoa, unaishika. Ikiwa vuguvugu, mambo yanakwenda vizuri. Ikikuunguza, kuna hatari ndani. Na kinga yake ni kugeuza. Kila Jumamosi, mabeleshi mikononi, cha chini kinakuja juu, lundo linapumua, linapoa. Narudia ili tusipoteane: nondo ya kupimia joto, na kugeuza kila Jumamosi.

Beleshi akawa mwenyekiti wa klabu. Bustani zikashiba. Halafu mkuu wa chuo, mtu wa kununa huyo, akapita nyuma ya bwalo na wageni wake, akajikuta ameziba pua. Akamwita Beleshi. "Binti, nikisikia harufu tena, lundo linaondoka."

Mitihani ikaja. Watu wakajifungia na vitabu. Jumamosi moja ikapita bila kugeuza, ikapita na nyingine. Lundo lisipogeuzwa hunuka, na hilo likaanza kunuka. Hapo klabu ikafanya kosa ambalo ni watu wanaolipenda lundo lao tu wanaoweza kulifanya. Walikwenda karakana ya useremala, wakabeba maranda ya mbao gunia kwa gunia, wakalifunika. Harufu ikakata. Mabaki mapya yakaja, wakayatupia juu na maranda mengine. Lundo likapanda hadi likampita mtu kimo. Nondo ikazama humo humo, haionekani. Na wao wakapongezana. Jamani, walipongezana.

Ilikuwa wakati wa chakula cha mchana. Beleshi alitoka kwenye mtihani, akazunguka nyuma ya bwalo kama kawaida yake, akaona moshi. Mwembamba tu, unatokea kileleni.

Niwaeleze pale palivyo. Lundo liliegemea ukuta. Nyuma ya ukuta, stoo ya mitungi ya gesi ya jikoni. Baada ya stoo, bwalo. Na bwalo limejaa wanafunzi.

Beleshi aliwahi kukaa hapa studio, mbele yangu, akanisimulia. Alifukua maranda kwa mikono hadi akaipata ncha ya nondo. Akaivuta. Ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma. Wakati huo wenzake wawili watatu wa klabu walikuwa wameshafika, akiwemo katibu. Katibu akasema kwa sauti ya chini, "Tusitangaze. Tulifukue haraka, tumwage maji, yaishe. Mkuu akijua, tumekwisha." Mabeleshi yalikuwa tayari mikononi.

Beleshi akasimama mbele ya lundo. "Ndani limeshashika moto. Mkilifukua linapata hewa, na likipata hewa linawaka. Mnajua nyuma ya ukuta huu kuna nini."

"Na ukienda kusema," katibu akamjibu, "umeliua lundo wewe mwenyewe."

Aliniambia kwamba moshi haukumtisha kama maneno hayo. Lile lundo lilikuwa kila kitu alichofanya tangu afike chuoni. "Nilianza kulia kabla sijaondoka pale," alisema. "Nikawaambia, asiliguse mtu. Nikaenda."

Ndani ya bwalo alikuwemo mdogo wake wa kike, mwaka wa kwanza, ndio kwanza amekaa na sahani yake. Jana alinisimulia kwa simu. "Dada aliingia, akagonga meza kwa beleshi. Watu wakacheka, tulizoea vituko vyake. Kaka mmoja akamwambia apange foleni kama wengine. Akasema, acheni sahani, tokeni kwa mlango wa mbele, nyuma kuna moto na pale kuna gesi. Hakupiga kelele. Mimi nikauona mkono wake. Nikajua leo hatanii."

Wakatoka. Mkuu wa chuo naye alikuwemo, akatoka na kijiko mkononi. Wapishi wakafunga gesi, wakaanza kutoa mitungi, mmoja baada ya mwingine, wakiiviringisha kupitia katikati ya bwalo. Mpishi mkuu aliyekuwa na mtungi wa mwisho alikuwa hajafika mlangoni ubavu wa lundo ulipobomoka. Hewa ikaingia. Moto ukaruka ukutani, kioo cha dirisha la stoo kikapasuka, ndimi zikaingia ndani, mahali ambapo mitungi ilikuwa imesimama muda mfupi tu uliopita. Zimamoto walilizima kidogo kidogo, maji kwanza, kufukua baadaye. Hakuumia mtu mwingine ila Beleshi, kiganja.

Jioni hiyo mkuu akamwita. Hakumshukuru, hilo nalisema wazi na linaniudhi mpaka leo. Alisema, "Lundo linaondoka. Na halirudi nikiwa kwenye kiti hiki."

Beleshi, na bandeji yake, akauliza, "Unastaafu lini, mzee?"

Alimaliza masomo bila kuligusa lundo tena. Akaenda kufanya kazi kwingine, miaka ikapita. Mkuu yule alipostaafu, mkuu mpya hajafungua hata maboksi yake, akasikia hodi mlangoni. Ni Beleshi na beleshi lake. Akaajiriwa. Lundo likarudi, mbali na jiko, lisizidi kifua cha mtu. Na kila mwanafunzi aliyejiunga alifundishwa sharti moja: Jumamosi tunageuza. Kuna mtihani, tunageuza. Kuna mvua, tunageuza. Kuna msiba, tunageuza.

Mazishi yake yalikuwa juzi. Juzi ilikuwa Jumamosi.

Familia ilikuwa imewaomba vijana wa klabu wabebe jeneza. Muda ukafika, vijana hawapo. Watu wakaanza kutazamana. Baba mdogo wa marehemu akakasirika. "Aliwalea kama wanawe, na leo wamemtupa. Tuendelee bila wao." Wanaume wa ukoo wakainama kushika jeneza.

Mdogo wa Beleshi akaliwekea mkono juu. "Baba mdogo, subiri. Leo Jumamosi."

Wakasubiri, jua kali, minong'ono imejaa. Mwishowe wale vijana wakatokea barabarani, wanakimbia, viatu vimejaa tope. Msichana aliyetangulia akamfuata mdogo wa marehemu, akihema. "Shikamoo mama. Utusamehe, tulikuwa tunageuza." Halafu akasema, "Nondo ni vuguvugu tu."

Mdogo mtu akaushika mkono wa yule msichana, akaufungua, akakitazama kiganja. Kilikuwa kizima. Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Baba mdogo akasogea pembeni, akawapisha vijana wabebe.

Kwa mdogo wake, kwa baba mdogo, kwa ukoo wote na kwa vijana wa klabu, poleni sana. Sisi wa kipindi hiki tunalia nanyi. Mungu ampumzishe Beleshi pema.

Na wewe unayenisikiliza, unalijua lile jambo ulilolifunika maranda ili lisinuke. Nikinyamaza sasa hivi, usifungulie muziki kwanza. Nenda kalitafute. Shika nondo.