Chokaa, Ofisa Aliyetaka Barabara Itangulie Nyumba

Wasikilizaji wapendwa, siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema kwa sababu najua mna simu mikononi, na baadhi yenu bado mna ile picha. Uwanja wa mpira wa shule. Gari dogo jekundu limekwama katikati. Ndani yake mtangazaji anatokwa jasho kama aliyemeza pilipili nzima. Gari ni langu. Jasho ni langu. Na yule mrefu aliyeinama dirishani, suruali imejaa unga mweupe magotini, ndiye tunayemkumbuka leo.

Alikuwa ofisa mipango wa baraza letu la mji. Mji mzima ulimwita Chokaa. Chokaa amefariki dunia, wasikilizaji wapendwa. Tulimzika juzi.

Sasa, mnajua kipindi hiki. Mtu akishakufa, ghafla alikuwa mcheshi, mpole na kipenzi cha wote. Leo hamtayasikia hayo. Chokaa hakuwa mpole. Alikuwa na ulimi wa wembe na uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Ungemsalimia, angekuuliza umeegesha wapi.

Kazi yake ilikuwa hii. Ukitaka kujenga duka kubwa, shule, ghala, nyumba za kupangisha, chochote kile, lazima upite mezani kwake. Wengine barazani watakuuliza ghorofa ngapi, vyoo viko wapi, ukuta una urefu gani. Chokaa aliuliza swali moja tu: "Magari yake yatapita wapi?" Ukijibu yatapita barabara iliyopo, anakuuliza la pili: "Na yakizaa?"

Maana yeye aliamini magari yanazaa. "Nyumba moja si gari moja," alikuwa akisema. "Nyumba moja ni gari la baba, pikipiki ya mtoto akikua, lori la taka, basi la shule, anayeleta gesi, na wakwe siku ya Jumapili." Alikuwa hapangi barabara ya leo. Alipanga barabara ya siku ambayo watoto wa leo watakuwa na funguo zao za magari. Watu wenye haraka walimchukia kwa hilo. Na mji wetu una watu wenye haraka wengi kuliko barabara.

Mwenye ghala mmoja alimpandishia sauti ofisini: "Bwana ofisa, mimi najenga ghala, sijengi barabara!"

Chokaa akamjibu bila kuinua kichwa: "Basi mizigo yako ije kwa helikopta."

Ukimbishia sana, alikuwa na dawa yake. Anachukua mfuko wa chokaa na kamba, anakwenda uwanja wa mpira wa shule. Anachora makutano ya barabara yatakavyokuwa mradi wako ukimalizika. Anayachora kwa upana wake halisi, chini, ardhini, kila kona mahali pake. Kisha anakuita ulete lori lako mwenyewe. Anakwambia neno moja: "Pita."

Wengi hawakupita. Waligonga mapipa aliyoyaweka mahali pa nguzo na kuta. Wakarudi nyumbani wamenuna, wakapunguza jengo au wakachangia gharama za kupanua njia.

Mkewe ameniambia hivi, na nanukuu: "Nilidhani nimeolewa na ofisa. Kumbe nimeolewa na mchora viwanja. Kila suruali yake ilikuwa nyeupe magotini. Nikimfulia nilikuwa namtukana, na yeye ananiambia tukana tu mke wangu, lakini usisugue sana."

Sasa tuje kwenye nyumba za kilimani, maana ndizo zilizomvunja.

Mnazijua. Baadhi yenu mnanisikiliza mkiwa humo, au mkiwa mnajaribu kutoka humo. Mwekezaji alinunua kilima chote, akachora mtaa mzima wa nyumba mpya. Kushuka kutoka kule kulikuwa na barabara moja tu. Barabara hiyo inapita mbele ya shule, inapita mbele ya soko, na mwisho inapita mbele ya lango la hospitali. Chokaa akasema: kwanza ijengwe barabara ya pili, upande wa nyuma wa kilima, ndipo watu wapewe funguo. Mwenyekiti wa baraza akasema: kwanza nyumba, barabara itafuata.

Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi, wasikilizaji wapendwa. Chokaa alitaka barabara itangulie. Mwenyekiti alitaka nyumba zitangulie. Hakuna kingine.

Na mji ulikuwa upande wa nyumba. Tusijidanganye. Watu walichoka na vyumba vya kupanga, choo kimoja kwa milango yote. Walitaka kuhamia. Na mtu mmoja mwenye mfuko wa chokaa amewazibia mlango. Waliandika matusi kwenye ukuta wa ofisi yake. Walimzomea sokoni hadi akawa anamtuma mkewe kununua nyanya.

Binti yake mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Yeye na mumewe walishapata nyumba kule juu. Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya mwekezaji, unangoja saini ya baba. Binti hakwenda kumsema nyumbani. Alimfuata ofisini, mbele ya watu waliopanga foleni.

"Baba, mtoto wangu analala sebuleni kwa mama mkwe wangu. Wewe unanizuia nisiingie nyumbani kwangu!"

"Sikuzuii kuingia, mwanangu. Nakuzuia usishindwe kutoka."

"Mimi nitatoka vipi mahali ambapo sijaingia?"

Watu kwenye foleni walimpigia makofi binti. Baba mtu akaita: "Anayefuata." Hawakusemezana tena kwa muda mrefu sana.

Na mimi? Mimi nilikuwa na kipindi cha asubuhi, na ulimi wangu huu. Dunia imenizaba makofi mengi lakini ulimi haijaufikia. Nilimwita hewani adui wa vitasa, mtu asiyetaka wenzake wafungue milango yao. Nikasema nipeni hayo makutano yake, nitapita kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe cha chai. Asubuhi hiyohiyo simu ya studio ikalia. Sauti kavu.

"Mtangazaji. Jumamosi, uwanja wa shule. Njoo na kikombe."

Nikaenda na kikombe. Ndiyo maana nasema mjinga nilikuwa mimi.

Alikuwa amechora yote. Lango la hospitali, mlango wa soko, geti la shule, na mdomo wa barabara ya kilimani. Baraza lilikuwepo, Mwenyekiti akiwa kwenye kiti chini ya mwavuli. Watu walijaa pembeni kama kuna fainali. Chokaa aliomba magari kwa yeyote aliyekuja na gari. Pikapu zilicheza soko. Basi la shule lilicheza basi la shule. Mimi nilikuwa mkazi wa kilimani naenda kazini. Nyuma yangu alimweka dereva wa hospitali aliyekuwa mapumzikoni, na gari halisi la wagonjwa.

Akapuliza filimbi. Tukaanza.

Nilipita kona ya kwanza kwa madaha. Watu wakanishangilia. Kona ya pili basi likanisogelea, pikapu ikanibana ubavuni, mwenzangu mwingine wa kilimani akanijia puani. Nikasimama. Chai ikanimwagikia mapajani. Nyuma yangu gari la wagonjwa likaanza kupiga king'ora. Dereva alitoa kichwa nje akaniambia maneno ambayo sheria za utangazaji haziniruhusu kuyarudia.

Chokaa akaja taratibu. Akainama dirishani.

"Karibu nyumbani, mtangazaji. Mgonjwa wa nyuma yako anakufa. Sogea."

"Nisogee wapi?"

"Hilo ndilo swali langu kwa baraza. Waulize, wewe una kipaza sauti."

Hapo ndipo picha ilipopigwa.

Mngedhani mambo yaliishia hapo, wasikilizaji wapendwa. Mngedhani Mwenyekiti aliona akaelewa. Mwenyekiti alisimama, akajifuta vumbi, akasema: "Mchezo mzuri. Lakini hii ni chokaa tu, mvua ikinyesha inafutika." Watu wakacheka. Mtu mmoja akachota chokaa chini akamrushia Chokaa kichwani. Wakacheka zaidi. Na mimi, nikiwa bado nimelowa chai, nikacheka pia, maana nilitaka wamwangalie yeye waniache mimi.

Wiki iliyofuata baraza likapiga kura. Nyumba kwanza. Barabara ya pili ikawekwa awamu ya pili. Awamu ya pili, kwa lugha ya baraza letu, ni mahali pa joto zuri ambapo mambo yanalala.

Chokaa alikataa kusaini. Wakasaini wengine. Naye wakamhamisha. Mnajua walimpeleka idara gani? Bustani na makaburi. Mwenyekiti alitoa utani barazani kwamba sasa amepata watu wasio na magari.

Nilimtembelea huko mara moja, nikamkuta amepiga magoti na kamba yake.

"Na huku unachora?"

"Wanaolala humu hawana haraka. Wanaowaleta ndio wana haraka."

Alifungua lango la pili la makaburi. La kuingilia huku, la kutokea kule. Katikati njia pana ya kupishana, na mahali pa kugeuzia basi la waombolezaji. Alizozana na mafundi, alizozana na wachimba makaburi, alizozana hata na wafiwa walioegesha vibaya. Nendeni mkaone. Katika mji wetu wote, ni makaburini tu ambako gari linaingia na kutoka bila kupiga honi.

Funguo za kilimani zikagawiwa. Binti yake akahamia. Kwa miezi michache kule juu kulikuwa kama peponi. Halafu milango yote ikajaa watu, na asubuhi kila mlango ukawa unatema gari. Sihitaji kuwasimulia. Walimu wanafika baada ya wanafunzi. Wauza mboga wanauza kwenye madirisha ya magari, maana wateja hawafiki sokoni na wala hawaendi popote. Gari la wagonjwa linalia hatua chache kutoka hospitali yake lenyewe, linaliona lango, na halifiki.

Kisha Chokaa akaugua. Moyo. Alilazwa hospitali hiyohiyo, chumba cha mbele, dirisha linatazama makutano. Nimeambiwa na muuguzi kwamba alikuwa akiyaongoza magari kwa kidole kutoka kitandani.

Binti amenisimulia asubuhi ile yeye mwenyewe. Mama yake alimpigia simu kwamba njoo, njoo sasa. Akashuka kilima, akafika sokoni, akakwama. Hospitali anaiona. Dirisha la baba yake analiona. Gari halisogei mbele wala nyuma.

"Nilipiga honi hadi mkono ukafa ganzi," aliniambia. "Halafu nikamsikia baba kichwani mwangu akiniambia ananizuia nisishindwe kutoka. Nikazima gari. Nikavua viatu. Nikakimbia."

Alimkuta yuko hai. Baba alimtazama miguu yenye vumbi, akamtazama usoni.

"Gari umeliacha wapi?"

"Katikati ya barabara, baba."

"Umewazibia wenzako."

Binti akaanza kulia na kucheka. Baba akamshika kiganja, akamwambia asogeze kiti, asikae kwenye njia ya wauguzi. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwa mwanawe. Aliondoka kama alivyoishi, akimpangia mtu pa kukaa.

Kwa mjane wake: mama, pole sana. Kile kikapu cha suruali nyeupe magotini, usikifue tena. Kwa binti na mumewe na mtoto wao, poleni. Sisi wa kituo hiki tunaomboleza nanyi, na mimi naomboleza kwa aibu kidogo.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, kesho asubuhi mkiwa mmekaa humo ndani ya magari yenu, injini zinaunguruma na hamwendi, msinipigie simu kulalamika. Jiulizeni siku ile uwanjani mlikuwa mnamcheka nani.

Namalizia na mazishi, kwa sababu yalitokea mbele yangu.

Tulimzika makaburini alipopachora mwenyewe. Magari yetu yaliingia lango la huku yakajipanga kama askari. Mwenyekiti hakuwepo. Tulimngoja, hakutokea, tukaendelea. Alifika tumeshamaliza kufukia, koti begani, anahema. Akaomba radhi. Akasema alikwama foleni pale hospitali. Nilisikia mchimba kaburi akikohoa kikohozi kisicho cha kifua.

Mwenyekiti akakisikia, akaamua kuhutubia. Akasema marehemu alikuwa nguzo. Akasema walishirikiana bega kwa bega. Kisha akamgeukia binti, akiwa amekunjua mikono.

"Mwanangu, baraza halitamsahau mzee wetu. Ile barabara ya pili ya kilimani, tumeamua tutaipa jina lake."

"Imeshajengwa?" binti akauliza.

"Iko awamu ya pili. Hayo ni mambo ya utaratibu, mwanangu, leo si siku yake. Leo tunazungumzia heshima. Nakuletea jina la baba yako, unaniuliza lami?"

Binti alikuwa bado na udongo viganjani. Akajipangusa polepole, akamtazama.

"Jina alipewa na mama yake, Mwenyekiti. Kwenu aliomba barabara."