Behewa la Kwanza: Maisha ya Cuthbert Gowland wa Coldgarth

Marehemu Cuthbert Gowland alizaliwa tarehe 14 Novemba 1941 hapa Coldgarth, Durham, akiwa kifungua mimba wa mzee Oswin Gowland, mchimba makaa ya mawe, na mama Hilda. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake wa pekee, Mavis. Wiki hii nzima watu wamekuwa wakimkumbusha Mavis kwamba marehemu hasemwi vibaya. Haya, hatasemwa vibaya. Kuhusu walio hai hakuna aliyemkumbusha chochote.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini, kisha sekondari Bishop Auckland, na mwaka 1965 akahitimu udaktari wa meno kule Newcastle. Tangu utotoni alikuwa mpole, hapigani, hapigi kelele, lakini hasahau. Binamu yetu Ernest alimchukulia gololi yake ya bluu wakiwa darasa la pili. Siku Ernest anaoa, mtu mzima na ndevu zake, Cuthbert alimkumbatia kanisani akamnong'oneza, "Gololi yangu iko wapi?" Ernest alicheka. Cuthbert hakucheka, na Jumatatu gololi ikaletwa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Alifungua kliniki yake karibu na kanisa la Kimethodisti na kung'oa meno ya kijiji hiki hadi alipostaafu mwaka 2006. Nusu yenu mlioketi hapa mmewahi kumfumbulia kinywa. Mnajua mkono wake ulivyokuwa mwepesi.

Tarehe 8 Juni 1968 alimwoa Jean Lowes, fundi wa kuandika mabango. Fungate yao waliipitisha kwenye mvua, wakitazama kichwa cha treni cha zamani kilichosimama kwenye jumba la makumbusho bila hata kuwashwa moto. Jean alimuuliza, "We Cuddy, umenioa mimi au hilo birika?" Akamjibu, "Wewe. Lenyewe limeshakataa." Mungu hakuwajalia watoto. Waliwajalia wajukuu wa Mavis peremende na hadithi za reli, tena peremende kutoka kwa daktari wa meno.

Mwaka 1974 Cuthbert na wenzake watatu waliasisi Kikundi cha Reli ya Kale cha Coldgarth. Wenzake walikuwa mzee Hubert Raine, Alwyn Tallentire na Norman Applegarth, ambaye ndiye Mwenyekiti hadi leo. Kila Jumanne walikutana chumba cha nyuma cha baa, pai mezani, wakibishana juu ya vichwa vya treni na mabehewa ya mwanzo kabisa ya nchi hii. Breki ilikaa upande gani? Gurudumu lilikuwa na mikono mingapi? Mtu aliweza kununiwa mwezi mzima kwa sababu ya rangi ya behewa ambalo hakuna aliye hai aliyepata kuliona. Walijenga wenyewe mfano wa kichwa cha treni cha zama zile, wakakiita Peg, na Peg yupo hapo nje sasa hivi anachemka.

Sasa tufike kwenye behewa. Mwaka 1987 Cuthbert na Jean walikwenda shambani kwa mama yake Alwyn kununua mayai. Jean aliinama kwenye banda la kuku, akakaa humo muda, kisha akaita, "Cuddy, hebu njoo uone. Kuku hawa wanalala ndani ya behewa." Ndivyo ilivyokuwa. Behewa la makaa, la mbao, la enzi za reli za mwanzo, limejaa mavi ya kuku mpaka ukingoni. Bibi Tallentire aliwauliza, "Mnataka mayai au mnataka nyumba ya kuku wangu?" Cuthbert alimjengea banda jipya, baya sana, ambalo kuku walilisusia, na behewa likaja nyumbani kwake.

Walilifanyia kazi miaka kumi na moja. Cuthbert alikwangua kutu kwa vyombo vyake vya meno. Jean alilala chali juu ya gunia akichora namba upya kwa mkono. Bwana Applegarth alifika kila Jumamosi. Alikunywa chai, akaegemea behewa, mikono mifukoni, akasema, "Tunaendelea vizuri."

Tarehe 15 Mei 1999 behewa lilizinduliwa hapa stesheni mbele ya waandishi wa magazeti, na likafungwa nyuma ya Peg liwe behewa la kwanza. Bwana Applegarth alivuta kitambaa, na kibao cha shaba kikaonekana. Mnaweza kukisoma mkitoka. Kinasema liligunduliwa na kutengenezwa na N. Applegarth. Saa hiyo Jean alikuwa ameshika sinia la vikombe, maana alikuwa ameombwa asaidie chai. Alikisoma kibao mpaka mwisho, akarudi jikoni, akaosha vikombe. Mavis alikuwa naye pale jikoni. Jean hakulia. Alisugua kikombe kimoja mpaka maua yakaanza kutoka.

Cuthbert alimfuata Mwenyekiti pembeni.

"Norman, kibao kina makosa."

"Makosa gani tena?"

"Jina."

"Aa, Cuthbert, usiwe na roho ndogo hivyo bwana. Behewa ni la kikundi."

"Basi andika kikundi."

"Shaba imeshachongwa. Utaifuta kwa mate?"

Kikundi kizima kilingoja vita. Hawakuona hata ngumi. Baada ya miezi miwili Bwana Applegarth alivimba jino, akaenda kliniki, na Cuthbert akampiga sindano ya ganzi taratibu, akaling'oa bila maumivu hata chembe. Watu wakasema, loh, huyu kasamehe, ana moyo wa dhahabu. Mavis alimuuliza ana wazimu gani. Akamwambia, "Jino ni dogo."

Wanakikundi wana desturi yao. Mwasisi akifa, majivu yake hayazikwi. Hutiwa kwenye tanuri la Peg, yakatoka na moshi kupitia bombani, naye akawa amesafiri safari yake ya mwisho. Mzee Hubert aliondoka hivyo mwaka 1996. Wote walikuwa wamesimama jukwaani wakitazama juu na kufuta machozi. Cuthbert alitazama chini, kwa sababu alikuwa mtu wa kutaka kujua, na aliona yalikoangukia. Yaliangukia behewa lililokuwa nyuma tu ya injini, ambalo siku hiyo halikuwa na mtu.

Kwenye mkutano wa mwaka 2000 alisimama akapendekeza kanuni mpya: safari ya mwisho ya kila mwasisi, Mwenyekiti asimame peke yake kwenye behewa la kwanza, kichwa wazi, kwa niaba ya wote. Bwana Applegarth alijibu, "Heshima hii si yangu, ni ya kiti." Akaiunga mkono kwa mikono miwili. Kanuni ikapita na kuandikwa.

Jumanne moja mwaka uliofuata, Cuthbert alisema labda Peg awekewe wavu wa waya juu ya bomba, kuzuia cheche na takataka. Alijua anamchokoza nani. Mwenyekiti aliruka kama aliyekalia msumari.

"Wavu? Wavu! Zama zile nani alikuwa na wavu?"

"Lakini Norman, watu watachafuka."

"Wachafuke! Uhalisi ni uhalisi. Ukitaka usafi, panda basi!"

Alwyn aligonga meza na kusema Mwenyekiti kanena. Wakapiga kura, Cuthbert akashindwa, akawanunulia bia wote. Alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Jean alifariki tarehe 3 Machi 2004. Jina lake lilikuwa bado haliko kwenye kile kibao. Kuanzia siku hiyo Cuthbert hakumtaja tena Mwenyekiti kwa jina akiwa nyumbani. Alimwita "abiria."

Mwaka 2011 Bwana Applegarth alipatwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa. Cuthbert alimpelekea supu ya njegere kila siku, akamkataza sigara, akamtembeza kwa mkono kuzunguka uwanja wa kijiji. Mchungaji alimtolea mfano kwenye mahubiri, mpende adui yako. Mavis alikaa pale kanisani akajikaza asicheke. Ndugu zangu, hesabu ilikuwa rahisi: mpango wote ungeharibika kama abiria angetangulia. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Cuthbert aliona ni bora yeye ndiye awe juu.

Mwaka jana, mwezi Septemba, madaktari walimkuta na saratani ya mapafu. Aliambiwa saa nne asubuhi, na swali lake la kwanza kwa Mavis lilikuwa, "Norman hajambo?"

"Mzima kama ng'ombe."

"Shukuru Mungu."

Aliugua bila makeke, akiuguzwa nyumbani. Siku za mwisho alimwagiza Mavis mambo mawili: mkate na nyama ya nguruwe vitoshe watu wote, na majivu yasichekechwe. Aliaga dunia tarehe 9 Februari 2019 alfajiri. Usoni alikuwa na ule utulivu wake wa siku ya harusi ya Ernest.

Ameacha mdogo wake Mavis, wapwa wawili, Colin na Rosalind, na wajukuu watano wa dada yake. Ameacha pia rafiki yake Alwyn Tallentire, ambaye leo ndiye anayeendesha Peg na hakujua lolote hadi aliposikia aya hizi. Pole Alwyn, endelea tu na makaa. Tena ameacha Bwana Norman Applegarth, aliyeketi mstari wa mbele na suti yake nyeusi, na ambaye kwa kanuni aliyoiunga mkono mwenyewe anatakiwa kupanda baada ya wimbo.

Cuthbert hakutaka Norman apewe onyo. Hilo Mavis amemkatalia kaka yake, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu Jean angelikataa. Jean alitaka kibao kisomeke sawa, basi. Mfukoni mwa Mavis kuna bisibisi, na kibao kina skrubu nne tu.

Kwa hiyo msomaji atanyamaza hapa kidogo. Norman, simama, uwaambie watu hawa ni nani aliyeinama kwenye banda la kuku na kulala juu ya gunia, na ni nani aliyekwangua kutu. Ni majina mawili, hayachoshi ulimi. Ukiyataja, utabaki jukwaani nasi, na Cuthbert atapumzika kwa amani. Usipoyataja, panda, vua kofia, naye atapumzika juu ya upara wako.