Clifford Ockerby na Chai Asiyoimaliza

Misimu kumi na tisa si mchezo. Clifford Ockerby, mrushaji wa mipira ya kasi wa kaunti yetu, alistaafu kriketi Jumanne, tarehe 12 Septemba 1978. Kwa misimu kumi na minne kati ya hiyo, mimi, Len Tubb, nimekuwa mdakaji wake, nikisimama nyuma ya vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji na kuidaka mipira yake, na vidole vyangu viwili vilivyopinda ni ushahidi tosha.

Alikuja hapa kwenye uwanja wetu wa Sallow Lane mwaka 1960 akitokea kwenye lori la makaa ya mawe, na kila majira ya baridi alirudi kwenye lori lile lile. Mwaka 1967 aliwatoa wapigaji tisa kati ya kumi kwa siku moja, kisha jioni nzima akalalamika juu ya yule wa kumi aliyemponyoka.

Kutulia hakujui. Mvua ikinyesha sisi hucheza karata. Yeye huzunguka veranda mpaka wanachama wazee wapate kizunguzungu. Chai ya saa kumi hupiga mafunda mawili tu, kisha huyo anakwenda kupima upya hatua zake ishirini na mbili za kukimbilia, ambazo alizipima asubuhi. Mkewe Maureen anasema nyumbani kwao kuna vikombe vya chai iliyopoa hata juu ya kabati la nguo.

Jambo moja alijivunia kuliko yote. Mrushaji wa kasi kweli, mdakaji wake husimama hatua kumi na tano nyuma ya vijiti. Siku mdakaji atakaposogea mpaka kwenye vijiti, uwanja mzima utajua kwamba mrushaji amekwisha. Cliff aliapa kwamba siku hiyo hataiona.

Mwezi Mei mwaka huu mipira yake ilianza kunifikia ikiwa imechoka. Nahodha akaniambia nisogee, nikakataa. Nilimwonea huruma Cliff, niseme ukweli. Kwa hiyo mipira mitano iliyogusa ukingo wa gongo la mpigaji, ambayo ningeidaka hewani na kumtoa mpigaji kama ningekuwa karibu, ilidondoka mbele ya miguu yangu. Yeye alizilaumu nyasi. Mimi nilinyamaza, na nilijichukia kwa kunyamaza huko.

Tukafika Jumanne. Wapinzani walihitaji mikimbio minne washinde. Sisi tulihitaji kumtoa mpigaji mmoja tu. Kijana wetu wa kasi alikuwa ameumia mgongo, Cliff akapewa mpira. Mpira wake wa kwanza uligusa gongo ukadondoka mbele yangu, kama ile mitano.

Hapo akaacha alama yake ya kuanzia kukimbia akaja mpaka kwangu, mikono kiunoni.

“Wewe Tubb, umesimama huko unangoja basi?”

“Ndipo ninaposimama siku zote, mzee.”

“Siku zote zimekwisha. Sogea kwenye vijiti.”

“Cliff, watu watakuona.”

“Waache wanione! Nimekuja kumtoa huyu, sikuja kupigwa picha. Sogea bwana, usinichoshe.”

Nikasogea. Wazee wa verandani waliinuka wote vitini, hata yule asiyeinuka tangu vita viishe.

Cliff akakimbia hatua zake ishirini na mbili, akarusha. Mpigaji akauvuka mstari wake kuufuata mpira, akaukosa. Nikaudaka na kuangusha vijiti kabla hajarudisha mguu. Mwamuzi akainua kidole: mpigaji ametoka, na sisi tumeshinda. Kama ningekuwa nimesimama kule nyuma, mpigaji angerudi kwenye mstari wake akiimba.

Tukitoka uwanjani nikamwomba radhi. “Nilijua tangu Mei,” nikamwambia.

“Mimi nilijua tangu mwaka jana,” akasema. “Nilikuwa nangoja wewe usogee, maana mimi nisingethubutu kukuita.”

“Na leo?”

“Leo nilitaka kushinda kuliko nilivyotaka kuogopa.”

Kisha akaketi kwenye benchi, akaomba chai. Tulimtazama sote, kila mtu akijifanya anafungua viatu. Akainywa yote, mpaka majani ya chini, akakitazama kile kikombe kitupu kwa muda mrefu.

Cliff, asante kwa misimu yote, na kwa kunisogeza. Klabu nzima inakuombea afya, makaa yasiyoisha nyumbani, na chai ya moto ukiwa na muda wa kuimaliza.