Vidonge vya Ekspresi

Benchi la mninga lililo mbele ya stesheni ya Mpanda lina katiba moja tu: hakuna chako. Kahawa ya wote, sigara ya wote, hata mkeo akikununia ni kesi ya wote. Mwisho wa benchi hilo, upande wa choo cha stesheni, palikuwa kiti cha Gaudensi, fundi cherehani, aliyebatizwa Ekspresi kwa sababu akianza kukimbilia kule hasimami njiani. Alikuwa anampima mteja kiuno, ghafla anaacha futi inaning'inia, huyo! Tumbo linamkata, choo kina damu, mwili umebaki mifupa. Walimtibu amiba mpaka amiba zenyewe zikachoka. Waganga walimchanja chale mpaka pa kuchanja pakaisha. Mwishowe benchi likambeba: Yotham akampakia kwenye baiskeli kutoka nyumbani mpaka kwenye treni, Nkwabi akatoa kuku wa njiani, Kasimu akamfungia kashata. Huko Mwanza, hospitali kubwa, wakamwingiza mpira wenye taa, tena kwa mlango wa uani, wakakuta utumbo mpana umejaa vidonda.

"Hujalogwa," daktari alimwambia. "Mwili wako wenyewe ndio unaoupiga utumbo wako. Ugonjwa huu hauishi, unatulizwa. Vidonge hivi utameza hata ukijiona mzima. Na ukikojoa rangi ya mawese usishtuke, ni dawa hiyo."

Gaudensi akarudi, akanenepa, akahamia katikati ya benchi. Raha iliyoje kukaa katikati! Habari ya mkojo hakumwambia mtu. Nani anaulizwa mkojo wake?

Sasa asubuhi moja ya zile mvua za El Nino, reli imekatika huko porini na treni haijulikani itarudi lini, Yotham alifika kijiweni amekunja uso. Huyu wanamwita Idhaa, maana hulala na redio kifuani.

— Kuna mtu namjua, akaanza. Mpangaji wangu. Kakojoa rangi ya mawese.

Nkwabi, Msukuma wa ng'ombe na maziwa, akapaliwa na kahawa.

— Ee bwana! Hata mdogo wangu!

Kasimu muuza kahawa akalitua birika.

— Hata jirani yangu.

Mungu wangu, Gaudensi akasema moyoni, akainamia kikombe. Alikuwa anawajua mpangaji, mdogo mtu na jirani, na wote watatu walikuwa wamekaa hapo. Kila mmoja alimfuata kwa siri kumwomba vidonge, akidhani yuko peke yake. Yotham alikuwa na kiuno. Kasimu alikuwa na kiungulia. Nkwabi alisema ni mambo ya heshima ya nyumbani, msimuulize zaidi. "Kama vimekunenepesha wewe, kwangu vitashindwa?" Sasa watu waliokubeba utawanyimaje? Akagawa, leo kimoja, kesho viwili. Na yeye mwenyewe, kwa kujiona mzima, akawa anaruka siku ili kopo lisiishe.

— Ni dagaa, Idhaa akahukumu. Vita ya mwaka jana ng'ambo ya ziwa, baruti yote ilizama majini. Dagaa wamekula, wavuvi wa Ikola wameanika, sisi tumetafuna. Samaki mmoja akioza, wote wameoza!

— Mimi dagaa sili, Nkwabi akaruka. Mimi ni maziwa tu.

— Si ulisema ni mdogo wako?

— Ndiyo, huyohuyo, hali dagaa! Hii ni mvua, bwana. Imezidi. Mbingu imeshika kutu. Hamwoni bati zinavyobadilika? Na tumbo nalo ni bati. Dalili ya mvua ni mawingu!

Kasimu akacheka kwa huruma.

— Nyie shule mlipita tu. Mji huu umekaa juu ya madini. Mnadhani Mzungu aliivuta reli mpaka huku porini kufuata asali? Mvua imejaa mashimoni, dhahabu imeyeyuka, imeingia visimani. Tunakojoa mali, jamani! Haba na haba hujaza kibaba. Tukusanye, tuchemshe, tuone kitakachobaki chini.

— Tunakojoa? Si jirani yako?

— Jirani... tunashirikiana.

— Na tuchemshie kwenye nini?

Wote wakalitazama birika, halafu vikombe. Nkwabi akakitua chake polepole.

— Kasimu, maji ya kahawa unachota wapi?

— Lo! Imekuwa mimi tena?

Tumbo la Gaudensi likanguruma. Sauti hiyo aliijua. Tangu juzi alikuwa anaisikia, anajidanganya ni maharage. Akisema, atawaumbua rafiki zake. Asiposema, Kasimu wa watu anapoteza wateja bure.

Hapo akatokea Nyamizi, mkewe, khanga imelowa, kopo la dawa mkononi.

— Hamjambo hapa.

— Hatujambo, shemeji. Karibu kahawa.

Hakukaa. Akalitikisa kopo, vikalia vidonge viwili vitatu vilivyobaki.

— Mashemeji zangu, nani hapa anaharisha damu?

Kasimu akashika kupangusa vikombe.

— Haya. Dawa iko Mwanza na reli imekatika. Huyu mume wangu atameza nini mpaka treni irudi?

Idhaa, ambaye hujibu hata maswali yanayoulizwa London, akazungusha kitufe cha redio isiyo na betri. Nkwabi akamtazama, naye akamtazama Kasimu.

— Kumbe hata wewe? Nkwabi akanong'ona.

— Kiuno, ndugu yangu.

Kasimu akainamisha birika awape wote kahawa, angalau mikono ipate kazi. Yakatoka mashapo.

Tumbo likanguruma tena, na safari hii kila mtu alisikia.

— Yotham, Gaudensi akasema taratibu, nipishe huko mwisho.

Yotham akainuka upesi. Nkwabi naye akainuka, na Kasimu akaondoa birika njiani. Hakuna aliyemwita Ekspresi.